Kuchapisha Makala za Ushauri wa Masomo: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Mombasa

Maswali haya yametoka kwenye vikao vyetu vya Alhamisi mchana, ambapo walimu na maafisa wa ofisi za wanafunzi kutoka vyuo vya kisiwani, Tudor, Nyali na hata Kilifi hukutana wakiwa na madaftari na chupa ya chai. Swali lililoulizwa mara tatu au zaidi limeingia hapa. Majibu ni yangu, na pale nilipo na upande nimeusema.

## Mwanzo kabisa

1. Ushauri wa masomo ni fani kweli, au ni kazi ya ziada tuliyotupiwa tu?

Kwetu mara nyingi ni ya kutupiwa. Mwalimu anakabidhiwa orodha ya wanafunzi sitini, anaambiwa awaangalie, basi. Lakini fani ipo na ina umri. Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Burns Crookston na Terry O'Banion, kila mmoja kwa njia yake, waliandika kwamba kumshauri mwanafunzi hakuishii kwenye kusaini fomu za kozi. O'Banion alipanga hatua tano: kwanza malengo ya maisha, kisha malengo ya kazi, kisha programu ya masomo, kisha kozi, na mwisho kabisa ratiba. Sisi wengi huanzia kwenye ratiba na kuishia hapo hapo.

Chama cha washauri wa masomo kiitwacho NACADA kilianzishwa Marekani mwaka 1979, na jarida lake likaanza kutoka mwaka 1981. Kwa hiyo unapoandika unaingia kwenye mazungumzo ya zaidi ya miaka arubaini. Soma kidogo yaliyokwisha semwa kabla hujafungua mdomo, kama ungefanya ukikuta wazee barazani.

2. Sina shahada ya uzamivu. Nitaruhusiwa?

Ndiyo. Majarida mengi makini huhakiki mswada bila wahakiki kujua jina lako, cheo chako wala chuo chako. Wanachokiona ni kazi. Na katika fani hii waandishi wengi ni watu wa dawatini, wanaokutana na wanafunzi kila siku.

3. Majarida yenyewe ni yapi?

*NACADA Journal* ndilo la utafiti hasa: lina mbinu, data, uchambuzi na nadharia. *NACADA Review*, lililoanza mwaka 2020, ni mdogo wake, na limeacha mlango wazi zaidi kwa wanaoandika kuhusu kazi yenyewe na fikra zilizo nyuma yake. Chama hicho pia hutoa *Academic Advising Today* mara nne kwa mwaka, na humo makala huwa fupi, za mtu anayewasimulia wenzake alichojaribu na kilichotokea. Kwa anayeanza, mimi humwelekeza hapo. Chuo Kikuu cha Penn State nacho kina *The Mentor*, ambalo kila mtu anaweza kulisoma bure.

Karibu na kwetu kuna *Journal of Student Affairs in Africa*, lililoanza mwaka 2013. Hilo linahusu huduma zote za wanafunzi vyuoni, si ushauri wa masomo peke yake, lakini wasomaji wake hawahitaji kuelezwa darasa la watu mia tatu ni kitu gani. Ikiwa makala yako inazungumza na Afrika kwanza, anza huko.

4. Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Kwa majarida niliyoyataja, hapana: andika kwa Kiingereza. Majarida ya Kiswahili tuliyo nayo, kama *Mulika* na *Kiswahili* ya Dar es Salaam, yanashughulika zaidi na lugha, fasihi na utamaduni. Ila ukiwa umechunguza namna mshauri na mwanafunzi wanavyozungumza, kwa mfano wanavyohama kutoka Kiingereza cha ofisini kwenda Kiswahili pale jambo linapokuwa zito, hapo unaweza kuwa na makala ya isimujamii, yaani uchunguzi wa lugha inavyotumika katika jamii. Natamani mtu aiandike.

## Wazo la makala

5. Sina la kuandika. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mgeni, na karibu kila mara mgeni huyo huyo, akishapoa na kikombe cha chai, hulalamika nusu saa nzima kuhusu wanafunzi wake. Malalamiko hayo ndiyo makala.

Chukua mfano. Mwalimu mmoja alikuwa na kikundi cha saa mbili asubuhi, na wanafunzi wale wale walikuwa wakichelewa kila wiki. Alidhani ni uvivu. Alipowauliza mmoja mmoja akagundua kwamba wengi walikuwa wanatoka ng'ambo ya Likoni. Kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini foleni ya asubuhi na matatu ya pili baada ya kuvuka haziko mikononi mwa mwanafunzi. Sasa hapo kuna swali: je, mshauri anapomsaidia mwanafunzi kupanga kozi, huwa anamuuliza anakaa wapi na anafikaje? Kama hamuulizi, ratiba anayomsaidia kupanga ni ya mwanafunzi gani?

Mengine tuliyoyasikia: wanafunzi wanaofanya kazi hotelini na kupotea msimu wa Desemba unapoanza, mwanafunzi anayelipa karo kwa vibarua vya usiku bandarini, kipindi cha maabara kilichopangwa Ijumaa saa saba mchana katika mji kama huu, binti aliyechaguliwa kozi na nyumba nzima isipokuwa yeye mwenyewe.

Weka daftari. Kila mwanafunzi akitoka, andika mistari miwili: alikuja na nini, ulimwambia nini. Usiandike jina. Baada ya muhula mmoja lisome lote kwa mkao mmoja. Jambo litakalojirudia ndilo lako. (Kabla ya kuligeuza daftari hilo kuwa data, soma swali la 8. Tafadhali lisome kwanza.)

6. Swali langu ni pana mno au ni finyu mno. Nitajuaje?

«Changamoto za ushauri wa masomo katika vyuo vikuu vya Kenya» ni pana mno. Hiyo ni mada ya kongamano la siku tatu. «Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaofanya kazi za usiku huamua vipi kozi ya kuahirisha, na mshauri huingia saa ngapi katika uamuzi huo?» hiyo inaandikika. Sijawahi kuona makala ya mgeni iliyokataliwa kwa kuwa finyu.

7. Mhariri wa ng'ambo atajali habari za Mombasa?

Atajali ukimwonyesha inamhusu. Usimwombe akuonee huruma kwa uhaba wa vifaa, na usimweleze Kenya yote kuanzia uhuru. Mpe anachohitaji ili aelewe hoja: kwamba wanafunzi wengi hupangiwa chuo na kozi na KUCCPS, taasisi ya serikali ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, kulingana na alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na machaguo yao, kwamba kiwango cha chini cha kuingia shahada ni C+, kwamba mkopo hutoka HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na kwamba mfumo wa ufadhili ulibadilishwa mwaka 2023. Aya moja inatosha.

Na hapo kuna hoja nono ambayo wengi huiruka. Nadharia nyingi za ushauri zimejengwa juu ya mwanafunzi wa Marekani anayeingia chuoni bila kuamua atasomea nini. Wetu huingia akiwa ameshaamuliwa. Hatua za O'Banion (swali la 1) zinafanya kazi vipi pale hatua ya tatu imekwisha fanyika kabla hujamwona mwanafunzi? Mhariri yeyote angetaka kusoma jibu la hilo.

## Ruhusa na siri za wanafunzi

8. Wanafunzi ni wangu, daftari ni langu. Nahitaji kibali cha nini?

Daftari ni lako. Maisha yaliyomo si yako. Kukusanya habari za watu kwa ajili ya utafiti kunahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi, kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inakuhusu, na inazitaja baadhi ya habari kuwa nyeti: afya, imani, asili ya kabila, hali ya ndoa, mambo ya familia. Mwanafunzi akikaa mbele yako robo saa, anaweza kuzitaja zote.

Linalonisumbua mimi zaidi ya makaratasi ni madaraka. Wewe ndiye unayesaini fomu yake ya kuahirisha. Ukimuuliza, «Utakubali kushiriki utafiti wangu?» atasema, «Ndiyo, mwalimu,» na ndiyo hiyo haina uzito. Mtafute mwenzako asiyemshauri mwanafunzi huyo aombe ridhaa kwa niaba yako, na usijue nani alikubali mpaka muhula uishe na alama zitoke. Hilo lieleze kwenye makala; wahakiki hulitafuta.

Andiko la fikra, la nadharia, au la kueleza mpango ulioendeshwa na ofisi bila kutumia habari za mwanafunzi yeyote, kwa kawaida halipiti njia hii. Hata hivyo iulize kamati, na uwe na jibu lao kwa maandishi.

9. Nilishakusanya kila kitu bila kibali. Naweza kuomba sasa?

Kibali hakirudi nyuma. Nenda kwa kamati useme ukweli. Huenda wakakuelekeza namna ya kutumia rekodi zilizopo baada ya kuondoa utambulisho, au wakakwambia uanze upya. Usibadilishe tarehe. Nimeona mtu akijaribu, na kilichomponza ni baruapepe yake mwenyewe.

## Kuandika

10. Makala iwe na sehemu gani?

Soma maelekezo ya jarida kwanza, kwa kuwa urefu na mpangilio hutofautiana, na majarida ya fani hii kwa kawaida hufuata mtindo wa APA wa kuandika na kutaja marejeo, ambao toleo lake la saba ni la mwaka 2020. Kisha fanya jambo ambalo halimo kwenye maelekezo: chukua makala tatu za jarida hilo unazozipenda, uhesabu. Utangulizi una aya ngapi? Mbinu zimechukua kurasa ngapi? Hoja kuu inatajwa wapi mara ya kwanza? Mshonaji huanza kwa kupima nguo iliyokwisha shonwa.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala, iandike mwisho.

11. Naweza kuitoa makala kwenye tasnifu yangu?

Unaweza, lakini si kwa kukata na kubandika. Tasnifu huandikwa ili kuthibitisha kwamba umesoma. Makala huandikwa ili msomaji apate jambo moja. Sura ya pili yenye kurasa arubaini inageuka kuwa aya nne. Inauma, najua. Mweleze mhariri kwenye barua ya kutuma kwamba kazi imetokana na tasnifu, na zungumza na msimamizi wako mapema kuhusu majina (swali la 14).

12. Kiingereza changu ni cha Mombasa.

Wahakiki huvumilia sarufi iliyoteleza kuliko hoja isiyoonekana. Andika sentensi fupi. Usitumie neno kubwa pale dogo linapotosha. Maneno makubwa ndiyo yanayotuangusha zaidi, kwa sababu tunayatumia kujificha. Mtandao wa AuthorAID, ulio bure, huunganisha watafiti wa nchi kama yetu na waandishi wazoefu wanaojitolea kuwasaidia. Na msomee mtu kwa sauti. Mahali utakapokosa pumzi, weka nukta.

13. Na akili unde?

Msimamo wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, uko wazi tangu mwaka 2023: zana hizo haziwezi kuandikwa kama mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika, na mwandishi anayezitumia aseme amezitumia vipi. Kila jarida lina masharti yake juu ya hayo. Kusahihisha sarufi ni jambo moja. Kuomba ikutajie vitabu ni jambo lingine, kwani huzua majina ya makala zisizokuwepo kwa ujasiri wa dalali. Na usiingize humo mahojiano ya mwanafunzi. Rejea swali la 8.

14. Mkubwa wangu anataka jina lake liwe la kwanza, na hajaandika hata mstari.

Kila kikao swali hili huulizwa kwa sauti ya chini.

Wahariri wa majarida ya tiba walishaweka vigezo vinne ambavyo fani nyingi huviazima: mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kurekebisha mswada kwa uzito, awe ameridhia toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Vyote vinne kwa pamoja. Aliyetoa ofisi, chai au sahihi ana nafasi yake kwenye shukrani.

Lakini tunaishi na wakubwa. Njia iliyowafaa baadhi yetu ni kuyazungumza majina kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na kuyaweka kwenye baruapepe: «Bosi, kwa kuwa utashiriki, ningependa usimamie sehemu ya mbinu, rasimu ifike tarehe fulani.» Ama ataandika, na hapo amestahili, ama atajitoa mwenyewe kwa heshima yake yote. Ikishindikana, hilo ni la ofisi ya utafiti ya chuo.

## Kutuma na kusubiri

15. Naweza kutuma majarida mawili kwa mpigo, nione litakalojibu kwanza?

La. Wahakiki wa fani hii ni wachache, na mswada mmoja unaweza kuangukia meza ya mtu yule yule mara mbili.

16. Itachukua muda gani?

Miezi. Wahakiki hawalipwi na wana wanafunzi wao. Ukipita muda uliotajwa na jarida, andika barua fupi ya adabu uulize. Panga kupandishwa cheo kwako kwa hesabu hiyo, si kwa hesabu ya tarehe ya mahojiano.

17. Maoni ya wahakiki yameniumiza. Nijibu vipi?

Siku ya kwanza usijibu. Nenda Mama Ngina, tazama meli zinavyoingia, rudi.

Kisha tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mhakiki, ulichofanya, na ukurasa kilipo. Kila hoja ipate mstari wake, hata ile ya koma. Pale usipokubaliana naye, sema hukubali na utoe sababu; una haki hiyo, na wahariri huiheshimu. Mhakiki mmoja aliwahi kumwambia mwenzetu aondoe habari za swala ya Ijumaa kwa kuwa ni «jambo la pembeni». Alijibu kwa sentensi mbili akionyesha kwamba robo ya vipindi vilivyokosekana katika kundi lake vilikuwa vya saa hiyo. Aya ilibaki.

Ukiambiwa urekebishe kwa kiasi kikubwa, hujakataliwa. Wengi wetu tulisoma barua hiyo kama talaka, tukaufungia mswada kabatini.

18. Wamekataa kabisa.

Ukikataliwa ndani ya siku chache, mara nyingi jarida halikuwa la makala ya namna hiyo. Rudi swali la 3. Ukikataliwa baada ya uhakiki, una maoni ya bure ya watu wawili wanaoijua fani. Rekebisha kwanza, ndipo utume kwingine.

## Pesa na matapeli

19. Nimepata baruapepe: makala itatoka baada ya siku tano, nilipe kwa M-Pesa. Ni salama?

Hapana, na nitakusimulia kwa nini najua. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nahitaji chapisho moja la haraka. Jarida lilikuwa na neno «Kimataifa» kwenye jina, picha ya dunia, na orodha ndefu ya wahariri. Nililipa. Makala ikatoka baada ya wiki moja bila mtu kuisoma; nilijua hivyo kwa sababu jedwali la pili lilikuwa na kosa ambalo hata mwanafunzi wangu angeliona, na lilichapishwa na kosa lake. Mwaka uliofuata tovuti ilipotea, na makala ikaenda nayo. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nilijifungia mwenyewe.

Si kila jarida linalotoza ada ni la kitapeli. Yapo makini yenye ada, na huiandika wazi kabla hujatuma. Tazama mambo haya. Je, ahadi ya muda inawezekana kweli ikiwa watu wawili wanasoma? Je, unawafahamu hata kwa maandishi yao watu wa bodi ya uhariri, na je, wenyewe wanalitaja jarida hilo kwenye kurasa zao za vyuo? Je, limo kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye African Journals Online kama ni la Afrika? Kampeni ya Think. Check. Submit. ina orodha ya maswali ya kujiuliza, inayosomeka kwa dakika tano. Mkutubi wa chuo chako pia anajua mengi kuliko tunavyomuuliza.

20. Nimeshatuma kwa jarida la namna hiyo. Naweza kuitoa?

Kama hujalipa wala kusaini kuhamisha hakimiliki, andika mara moja kwamba unauondoa mswada, hifadhi nakala ya barua, na usilipe «ada ya kuondoa» watakayoidai. Kama imeshachapishwa, haiwezi kutumwa kwingine kana kwamba ni mpya. Unaloweza kufanya ni kuandika kazi nyingine yenye data zaidi na hoja mpya, na kumweleza mhariri historia yote.

## Baada ya kuchapishwa

21. Naweza kuiweka kwenye hazina ya maktaba ya chuo au kuwatumia wenzangu?

Inategemea mkataba uliosaini. Majarida mengi huruhusu toleo lililokubaliwa, kabla ya kupangwa kurasa, liwekwe kwenye hazina ya chuo. Jisajili pia ORCID, ni bure: utapewa namba ya tarakimu 16 itakayokutenganisha na wengine wote wenye jina kama lako. Kwa mji wenye akina Mohamed Ali na Fatuma Said wengi kama huu, hilo si dogo.

22. Mwanafunzi ameisoma makala na amejitambua, ingawa sikumtaja jina. Nifanyeje?

Hili lilitokea, ndiyo maana limo. Makala ilisema «mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, mama wa watoto wawili, anayevuka kutoka Likoni». Mwandishi aliona ameficha. Darasa zima la uhandisi lilikuwa na mwanamke mmoja wa namna hiyo.

Mwite, au bora zaidi mwendee, na umsikilize kabla ya kujitetea. Muulize nini hasa kimemgusa. Huenda ni sentensi moja. Ijulishe kamati iliyokupa kibali. Kama alitoa ridhaa na madhara ni madogo, mhariri anaweza kukubali marekebisho kwenye toleo la mtandaoni. Kama hakutoa ridhaa, jiandae kwa makala kuondolewa, na ikiwa unaendelea kumshauri, aulizwe kama angependa kupewa mshauri mwingine.

Tangu siku hiyo, kabla mswada haujatoka kwenye kikao chetu, tunampa mtu wa idara ile ile ausome kwa lengo moja tu: aone kama anaweza kukisia ni nani. Akikisia, tunabadilisha kozi, au mwaka, au idadi ya watoto, na kueleza kwenye sehemu ya mbinu kwamba tumebadilisha. Yule wa uhandisi alikubali kukutana na mwandishi. Alichotaka kiondolewe ni Likoni.